Tairi la Nyuma la Kushoto

Alois alikuwa fundi bodi pale Gongoni, mjini Tabora, na kwa miaka ishirini na saba hakuwahi kumwita baba yake baba. Shikamoo alimpa, kwa kuwa alilelewa na watu wenye adabu, lakini baada ya shikamoo alisema "mzee", kama alivyomwita kila mteja mwenye mvi aliyekuja kunyooshewa bampa. Mzee Nikolaus aliitikia marahaba tu. Wakikutana kwenye ubatizo au msibani, wasiowajua walidhani ni majirani tu.

Sababu yake ukoo mzima uliijua. Mama yake Alois, Minza, alikufa kwa malaria kwao Bukene mwanzoni mwa mwaka tisini na nane, mvua za El Nino zilipokuwa zimeikata reli, na mumewe hakufika kumzika. Alikuwa hapahapa Tabora, karani wa ghala la tumbaku, mwenye gari lake mwenyewe, Pijo 404 nyeupe aliyouziwa na padri mmoja aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Habari alipelekewa kwa simu ya stesheni, na alijibu kwamba anakuja. Kwa wakwe zake sanda ya mke huletwa na mume, awe tajiri au fukara. Basi maiti ikakaa ndani mchana kutwa na usiku kucha, wanawake wakiipepea, wanaume wakitazama barabara. Siku ya pili, saa kumi jioni, mjomba Mayala alisema imetosha. Minza alifungwa kwa shuka la kitanda la jirani yao, Mama Lugembe, shuka lenye maua ya njano. Alois alikuwa na miaka kumi na miwili, na maua yale aliyahesabu mpaka udongo ulipoyafunika.

"Dada yangu alizikwa kwa shuka la kuazima." Mjomba Mayala aliyasema maneno hayo kwenye kila kikao, hata vikao vya posa za watu wengine, na hakuna aliyethubutu kumwambia ameshayasema. Alois alibaki kulelewa kwake na akakua akiyasikia. Mdogo wake, Recheli, alipelekwa kwa baba yao Tabora reli ilipotengenezwa, akiwa bado mdogo wa kutokumbuka maua.

Ndiye Recheli aliyekuja gereji mwezi wa kumi na moja, mawingu ya kwanza yakiwa yameanza kujikusanya.

"Daktari anasema moyo wa baba umechoka," alisema. "Anataka kwenda Bukene kabla haujasimama. Na anataka kwenda na Pijo yake."

Alois alicheka, kicheko cha kukereka. Pijo ile ilikuwa imekaa bandani nyuma ya nyumba tangu mwaka ule wa msiba, imepandishwa juu ya matofali, haiendeshwi, haiuzwi, haiguswi. Watu walimsema mzee Nikolaus kuwa ni bahili asiyetaka hata kutu ya kwake imfae mwingine.

"Fundi wa injini, Mathias, ameshaifufua," Recheli aliendelea. "Matairi tumepata. Ila anasema ikienda hivyo hivyo na mvua hizi, mawe na tope vitalimaliza bati la ndani ya madigadi. Inataka kinga kama za magari ya siku hizi, zile plastiki za juu ya tairi. Kwa hiyo nimekuja kwako."

"Kinga nitaweka. Kazi ni kazi. Kwenda siendi, Mathias ataendesha."

"Kaka, mjomba Mayala ametuma neno. Anasema baba asikanyage kwake kama wewe hukuongozana naye. Anasema mtoto aliyekuwepo siku ile ndiye mwenye ruhusa."

"Basi asikanyage."

Recheli alimtazama. Alikuwa na macho ya mama yao, jambo ambalo Alois hakulipenda wakati kama ule. "Anakufa, Alois," alisema, akaondoka.

Gari lililetwa kesho yake likiendeshwa na Mathias, na Alois akaanza kazi bila kinyongo na chuma, kwa maana chuma hakikumkosea. Kinga za kununua kwa Pijo 404 hazipo Tabora, na sijui kama zipo popote chini ya mbingu. Fundi anazitengeneza mwenyewe. Alichukua boksi, akalikata na kulijaribisha juu ya kila tairi mpaka likakaa, kisha akayachora maumbo yale manne kwenye pipa la plastiki la bluu lililowahi kubebea mafuta ya kula. Plastiki ya pipa ni ngumu, haipasuki kwa jiwe, na ukiimwagia maji ya moto inakubali kukunjwa. Pembeni aliishonea mpira wa tyubu ili isikwaruze bati. Chini ya kila moja alitoboa tundu la kutolea maji, kwa sababu kinga isiyo na njia ya maji ni mtego wa kutu, na wengi huwekewa mtego huo wakilipia kinga.

Lakini kabla ya kinga kuna kukwangua. Alois alikuwa na mwiko mmoja aliofundishwa na fundi aliyemkuza: tope kavu haliloweshwi. Ukililowesha linaziba matundu ya kutu, unafunika uoza bila kujua, na masika mawili baadaye mteja anarudi na kipande cha bati mkononi na matusi mdomoni. Wenzake wenye mashine ya kuoshea walimcheka kwa hilo. Yeye alitandika gunia chini ya gari, akalala chali, na kukwangua kwa kijiti bapa cha mninga alichokichonga mwenyewe.

Matairi ya mbele yalimtolea kichanga chekundu cha mjini tu. Nyuma kulia kulikuwa na tope jeusi kidogo, la kubanduka kwa vidole. Alipofika nyuma kushoto, kichanga kilikuwa utando mwembamba wa juu, na chini yake kijiti kiligonga kitu kigumu. Ulikuwa udongo mweusi, umeshindiliwa mpaka kwenye pembe ya ndani kabisa, umekauka na kupasukapasuka.

Alois aliacha kukwangua.

Alilijua tope lile. Mjini Tabora halipo. Ni tope la mbuga zilizoko ng'ambo ya Nzega, njia ya Bukene, linalomshika ng'ombe hadi magotini likilowa, na yeye alilikanyaga utoto wake wote akichunga mbuzi wa mjomba. Alijiambia kwamba karani wa tumbaku huzunguka vijijini. Ndiyo, lakini tumbaku hailimwi mbugani. Na gari hili halikutoka bandani tangu mwaka ule; tope la mwisho kuingia humu lilikuwa la mwaka ule.

Aliingiza kijiti pembeni akakinyanyua polepole. Bonge likaachia lote kwa pamoja, kubwa kama tofali, likamwangukia kifuani. Katikati yake mlitokeza nguo. Alikaa kitako, akalivunja ukingo kwa vidole. Nguo ilikuwa marekani, ile pamba nzito nyeupe isiyotiwa nakshi, sasa imegeuka rangi ya chai, imesokotwa na kuchanika vibaya. Alifuata pindo lake ndani ya udongo mpaka kwenye kona. Pale konani palikuwa na msalaba mdogo, wa urefu wa kidole gumba, umeshonwa kwa uzi mweusi.

Watu hawashoni msalaba kwenye tambara la gari. Alois alielewa alichokishika, na hasira iliyompanda haikufanana na ile ya miaka yote. Ile ilikuwa hasira ya sanda isiyonunuliwa. Kumbe ilinunuliwa, ikashonwa, ikatiwa msalaba, kisha ikaishia chini ya tairi. Alilifunga bonge ndani ya gunia, akapanda bodaboda, mikono bado ina udongo.

Mzee Nikolaus alikuwa barazani akimenya karanga, akizitupa kwenye ungo moja moja kwa uvivu wa mgonjwa. Alois hakutoa shikamoo. Alilifungua gunia miguuni pake.

Mzee alitazama. Karanga aliyokuwa nayo mkononi hakuimenya wala hakuitupa.

"Ilikuwa bado imo," alisema hatimaye. "Nilidhani yote niliikata kwa kisu ilipojisokota kwenye ekseli."

"Niambie hii ni nini."

"Unajua ni nini."

"Nataka kinywa chako kiseme, mzee."

Na kinywa kikasema, polepole, kama mtu anayepanda ngazi gizani. Alipopata simu ya stesheni alikwenda kununua marekani dhira nane, fundi cherehani akamshonea msalaba, na jua lilipokuwa linazama alikuwa ameshatoka mjini. Mbugani gari likazama. Alikuwa peke yake, mvua haikatiki. Alikata matawi akayatandika chini ya tairi, yakamezwa. Alitandika mkeka, ukamezwa. Alitandika koti lake. Kulipopambazuka hakukuwa na kitu kingine ndani ya gari.

"Nilijiambia Minza atanielewa," alisema mzee. "Nilijiambia bora sanda chafu kuliko mume asiyefika. Nikaitandika upande wa kushoto, kule kulikozama zaidi. Gari likatoka. Lakini nguo haikutoka, Alois. Tairi liliishika likaizungusha, likaichana mbele ya macho yangu. Nikabaki na vipande."

"Ulikuwa umbali gani na Bukene?"

"Saa moja na nusu. Pengine mbili, kwa njia ile."

"Saa mbili!"

"Nikaona siwezi kuingia kwa wakwe mikono mitupu. Nikageuza nikarudi Nzega kununua nyingine. Ilikuwa sikukuu ya Idi, maduka ya nguo yamefungwa yote. Nilimsubiri mwenye duka mmoja mpaka akatoka kuswali, akanihurumia akafungua. Niliporudi mbugani hakukuwa na barabara tena, kulikuwa na maji matupu kama ziwa. Nikalala garini siku mbili. Siku ya tatu watu wakavuka kwa miguu kutoka upande wa pili, nikawauliza. Wakasema ameshazikwa, kwa shuka la kuazima."

Mkono wake ulielekea ndani, kwenye chumba chake. "Ile ya pili imo kwenye sanduku, uvunguni. Haijafunguliwa."

Alois alikuwa amesimama, na hakujua afanye nini na mikono yake. Kumhurumia alimhurumia. Lakini kichwani mwake alikuwapo bado mtoto wa miaka kumi na miwili, na mtoto huyo hakuwa ameridhika.

"Ungekuja mikono mitupu."

"Ningekuja mikono mitupu," mzee alikubali. "Nimelijua hilo kila siku tangu siku ile. Asubuhi ile sikulijua."

"Mimi nilikuwa natazama barabara. Wakubwa walichoka wakaingia ndani. Mimi sikuingia."

Mzee Nikolaus aliinamisha kichwa, na machozi yakamdondokea kwenye ungo wa karanga.

"Kwa nini hukusema?" Alois aliuliza. "Miaka yote hii mjomba anakutukana na wewe umekaa."

"Ningesema nini? Simameni enyi wakwe, nimekanyaga sanda ya dada yenu kwa gari? Asiyefika kumzika mkewe huitwa mpumbavu, na mpumbavu watu humzoea. Aliyeikanyaga sanda sikujua anaitwaje. Nikaona heri niitwe hilo la kwanza." Alijifuta uso kwa kiganja. "Gari nikaliweka juu ya matofali. Sikuweza kuliosha, wala kuliuza na kile kilichomo."

Alois alilifunga gunia tena, taratibu kuliko alivyolifungua. Alirudi gereji akapaka bati rangi ya kuzuia kutu, akaiacha ikauke, akafunga kinga ya nne kwa boliti sita. Recheli alipopita jioni kuulizia kazi, alijibiwa na miguu iliyochomoza chini ya gari.

"Mwambie baba Jumamosi tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Aje na lile sanduku."

Recheli alisikia neno lililosemwa, na kwa kuwa alikuwa na akili hakulirudia. Alisema tu kwamba atapika maandazi ya njiani.

Walikwenda watatu. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, na baada ya Nzega walipoiacha lami, Pijo iliingia mbugani kwa gia ya pili, ikiyumba kama bibi harusi aliyevalishwa viatu virefu. Tope lilianza kurushwa na matairi, likagonga kinga za pipa kwa kishindo kizito, puu, puu, puu. Mzee Nikolaus, aliyekaa mbele, alishika dashibodi kwa mikono miwili na kufumba macho.

"Ni kinga tu, baba," Alois alisema. "Linagonga na kuanguka. Haling'ang'anii tena."

Mjomba Mayala alikuwa ameketi nje ya nyumba yake pale Bukene, na hakuinuka. Aliitikia shikamoo ya Alois, akaitikia ya Recheli, kisha akamtazama yule mzee anayejikokota kwa fimbo kutoka garini, bila kumkaribisha. Midomo yake ilishaanza kujiweka sawa kwa yale maneno yake ya siku zote. Lakini mzee Nikolaus alimtangulia.

"Mayala, dada yako alizikwa kwa shuka la kuazima. Nimekuja kukwambia sanda yake ilikuwa wapi."

Alieleza yote amesimama, ingawa Recheli alimletea kiti. Hakuruka kitu, wala zile saa mbili, wala ile Idi. Alipomaliza, Alois aliliweka gunia chini akalifungua. Mayala aliinama akaliokota bonge lile. Halafu aliliweka mapajani, akaanza kulisugua kwa kidole gumba, udongo ukimmwagikia kwenye suruali, mpaka ule msalaba ukaonekana. Aliendelea kuusugua hata baada ya kuwa safi.

"Alikuwa njiani nayo," alisema, wala haikueleweka anamwambia nani. "Kumbe siku ile alikuwa njiani nayo."

Aliinuka akachukua jembe ukutani. Hakumwachia mtu. Kaburini, upande wa kichwa, alichimba yeye mwenyewe, mzee wa miaka sabini, shimo la kina cha mkono, akamwita Nikolaus aje. Nikolaus alipiga magoti kwa taabu, akaliweka bonge humo na nguo yake, akasema, "Minza, nimechelewa." Alois alimsaidia kufukia. Alitaka kulia kama siku ile alivyotaka, na safari hii alilia, mtu mzima na ndevu zake, na hakuna aliyemzuia.

Waliporudi uani, Mayala alisimama kando ya gari. Aliuliza kuhusu sanduku. Nikolaus akalifungua, akatoa marekani ya pili, imekunjwa bado kama ilivyotoka dukani, mikunjo imegeuka njano.

"Hii ina mwenyewe," Mayala alisema. "Twende, shemeji."

Mama Lugembe alikuwa amepita miaka tisini na macho yake hayakuwa yakiona zaidi ya vivuli. Walimkuta mlangoni pake, miguu imenyooshwa juani. Mayala aliinama akamwekea nguo ile mapajani, na vidole vya bibi vikaipapasa pindo kwa pindo.

"Marekani," alisema. "Nzito, ya zamani. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, mama. Ni Nikolaus, mume wa Minza. Amekuja kukurudishia shuka lako."

Bibi alitandaza kiganja juu ya ile nguo.

"Langu lilikuwa la maua," alisema. "Lile aliondoka nalo Minza, na sikuwahi kulidai. Hili nitaondoka nalo mimi. Asante, mwanangu. Umelileta mapema."